Leseni Imetoka

Sikupanga kuota chochote jana usiku. Nilikuwa nimejaza fomu ya kuomba uwakala wa bima hadi ukurasa wa tisa, macho yakakataa, nikalala kwa ubavu wa kushoto kama kawaida yangu. Mara nimesimama mbele ya kaunta ya ofisi fulani ya serikali, na dada wa kaunta ananiambia, "Leseni yako imetoka."

Nikashukuru, nikanyoosha mkono.

"Nimekwambia imetoka," akasema. "Imetoka saa tatu na robo. Kwa mwendo wake, sasa hivi itakuwa imefika benki."

Kabla sijaendelea, nijieleze kidogo. Naitwa Subilaga Mwakipesile, mtaani wananiita Mama Bupe. Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi kitengo cha madai katika kampuni moja ya bima hapa Mbeya. Jina lake silitaji kwa sababu wana wanasheria. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua zinazoanza na neno "Tunasikitika". Gari la mtu limepinduka, duka la mtu limeungua, mimi nasikitika kwa niaba ya kampuni, ukurasa mmoja, nakala mbili. Mwezi wa tatu niliacha. Nilisema nataka kuwa wakala huru, nifungue ofisi yangu, nisiwe chini ya kampuni yoyote, mteja akija nimtafutie bima inayomfaa yeye. Watu walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaniuliza kama naumwa.

Basi natoka nje kuifuata leseni.

Naikuta kando ya barabara inatembea. Ni karatasi ya kawaida, ina nembo juu na muhuri wa zambarau chini, na miguuni imevaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi vizuri. Inakwenda haraka.

"Samahani," nikasema, "nadhani wewe ni leseni yangu."

"Inawezekana," ikajibu bila kusimama. "Niliambiwa nitoke, nimetoka. Sikuambiwa niende kwa nani."

"Jina langu limeandikwa kifuani kwako."

Ikajitazama. "Hapa pameandikwa Subiraga. Kwa herufi r."

"Ndiye mimi. Wamekosea."

"Basi utaomba marekebisho. Siku ishirini na moja za kazi." Ikapunguza mwendo kidogo. "Lakini naweza kukufuata kwa matazamio. Una ofisi?"

"Ninayo. Fremu moja ya duka, Mwanjelwa."

"Ina choo?"

"Cha kuchangia na saluni."

"Ina bango?"

"Linachorwa."

"Na wewe ni wakala wa namna gani?"

"Wakala huru."

Hapo ikasimama. "Huru kutoka kwa nani?"

Kwenye fomu swali hilo lilikuwa na mistari miwili tu ya kujazia, na mimi nilikuwa nimeandika "Ndiyo". Leseni ikatoa kalamu, ikazunguka nyuma yangu, ikaandika kitu mgongoni mwangu. Nilihisi ncha ya kalamu ikipiga mstari chini ya neno.

"Twende," ikasema.

Tukakata kona. Upande wa pili wa kona hapakuwa na barabara, palikuwa ndani ya fremu yangu. Meza ipo, kalenda ipo, makabrasha matupu yamepangwa kwa rangi. Kwenye kiti cha mteja ameketi mtu wa mviringo, hana kichwa wala mabega. Katikati ana tundu kubwa, na kupitia tundu hilo unaona ukuta.

"Karibu," nikamwambia, maana mteja ni mteja.

"Mimi siyo mteja," akasema. "Mimi ni Sifuri. Nimeambiwa unaanzia kwangu."

"Ni kweli, naanzia sifuri."

"Wanasema hivyo wote." Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka kutajwa kwenye hotuba. "Unamfahamu yule mwenye jengo la ghorofa nne pale mjini, anayewafundisha vijana ujasiriamali? Kila Jumamosi anasimama na kipaza sauti anasema alianzia kwangu. Mimi simfahamu. Alianzia kwa baba mkwe wake."

"Na wale wanaoanzia kwako kweli?"

"Hao nawafahamu vizuri. Wapo hapahapa." Akajisogeza, nikaona kuna nafasi pembeni yake kwenye kiti. "Keti."

Nikakaa. Tulikaa kwa muda, mimi na Sifuri, tukitazama mlango. Watu wanapita nje. Mmoja anasoma bango ambalo bado halijachorwa, anatikisa kichwa, anaondoka.

"Sharti la nne," leseni ikasema kutoka juu ya kabati la mafaili ilikokuwa imekaa imening'iniza viatu. "Wakala mpya aanze na watu wanaompenda. Orodhesha majina mia moja."

"Sijui kama ninao mia moja."

"Orodhesha waliopo."

Nikaandika jina la kwanza, na kabla wino haujakauka nikawa nimesimama sebuleni kwa shangazi yangu Tusekile, Iyunga, katikati ya kikao cha harusi ya mdogo wangu. Ukoo mzima upo. Wajomba wako kwenye makochi, mama wadogo kwenye mkeka, soda zimefunguliwa. Wananiona wanafurahi. Mtu ananisogezea kiti.

Nikasema, "Ndugu zangu, nimefungua ofisi ya bima."

Hakuna aliyeondoka. Ningesema uongo nikisema kuna aliyeondoka. Waligeuka tu kuwa vyombo. Mjomba Anyosisye akawa meza. Mama mdogo akawa pazia, akajivuta mpaka kwenye dirisha. Binamu zangu watatu wakawa seti ya vikombe na mmoja wao akajiweka ufa ili asitumike. Shangazi Tusekile, ambaye ni mtu mnene na mwenye heshima zake, akawa kabati la milango miwili, akajiegemeza ukutani.

Nikaenda mbele ya kabati. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," likasema kabati. Kisha likanyamaza, likijua limekosea.

"Nilitaka tu kukueleza habari za bima ya nyumba."

"Mimi ni kabati, Subilaga. Kabati lina nyumba?"

"Ulijenga hapa mwenyewe, shangazi. Vyumba vitano."

"Nyumba hii inalindwa na Mungu."

"Mwaka juzi mvua ya mawe ilitoboa bati zote za nyuma."

"Na Mungu alikuwepo," likasema kabati. "Tulikuwa naye hapa tunakinga maji kwa sufuria."

Nikafikiri nimpe kipeperushi, nikajaribu kukipenyeza kati ya milango. Mlango ukaubana mkono wangu, siyo kwa nguvu, kama mtu anayekushika anapotaka kukwambia jambo peke yako. Kutoka ndani nikasikia sauti ya shangazi mwenyewe, siyo ya mbao.

"Marehemu mume wangu alipata ile ajali akaleta karatasi zake kwenu. Ulimwandikia 'Tunasikitika'. Barua ninayo. Nimeiweka huku kwenye droo, na kila nikitafuta nguo naigusa."

"Ilikuwa barua ya kampuni, shangazi."

"Saini ilikuwa yako."

Mlango ukauachia mkono wangu, ukajifunga. Ufunguo ukazunguka kwa ndani. Pazia likakohoa. Nikakusanya vipeperushi vyangu, nikawaaga vyombo, vyombo vikanijibu kwa pamoja kwamba niwasalimie nyumbani.

Nikarudi Mwanjelwa. Sijui nilirudije. Nakumbuka tu niko nyuma ya meza yangu, na Sifuri ameenea kidogo, sasa anachukua viti viwili.

Ndipo akaingia Baba Lugano.

Baba Lugano ni jirani yangu wa kweli, siyo wa ndotoni. Jina lake ni Ambakisye Mwasomola, ana miaka hamsini na kitu, ana Fuso moja ya kijani anayoiendesha mwenyewe akibeba viazi kutoka Uyole kwenda Dar es Salaam. Ni mtu wa maneno machache. Kwenye ndoto ameingia na gunia begani, na mkono wa kulia ameshika panga.

"Habari za kazi, Mama Bupe," akasema. "Nimekuja kukata bima."

"Karibu sana, Baba Lugano. Bima ndogo au kubwa?"

"Nizione."

Bima ndogo ilikuwa chini ya meza, kwenye tenga. Nikaifunua. Ilikuwa na ukubwa wa kifaranga na manyoya ya karatasi, inatetemeka. Baba Lugano akainama akaitazama.

"Hii inatosha nini?"

"Inatosha askari wa barabarani akikusimamisha," nikasema. "Unamwonyesha, anaitazama, unapita. Na ukimgonga mtu, huyo mtu ndiye anayepelekewa."

"Na mimi?"

"Wewe haikuhusu."

"Basi nikatie kubwa." Akashusha gunia, likatua na kishindo sakafuni. "Na hatari yangu hii hapa. Nimesikia kwenye redio mnabeba."

Nikalifungua. Ndani kulikuwa na mteremko wa Mlima Nyoka, umekunjwa mara tatu kama blanketi. Chini yake kulikuwa na ukungu wa asubuhi, breki zilizochoka, usingizi wa saa nane mchana, na ng'ombe wa mtu mwingine aliyekuwa anavuka barabara. Ng'ombe akanitazama bila kinyongo.

"Ni nyingi," nikasema.

"Ndiyo zote nilizonazo. Sikuficha." Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia kwenye uzio wetu. "Hilo gari ndilo shamba langu, Mama Bupe. Likienda, na Lugano anarudi nyumbani kutoka chuo."

Nikalibeba gunia, maana wakala habaki na hatari ofisini kwake, anaipeleka kwenye kampuni. Nilikuwa huru kupeleka kokote. Nikatoka nikijiambia nitapita kampuni sita, nilinganishe. Nikaingia jengo la kwanza, ikawa kampuni yangu ya zamani. Nikatoka, nikavuka barabara, nikaingia jengo la pili, ikawa ileile na mlinzi yuleyule. Mara ya sita mlinzi akanisaidia kubeba gunia.

Meneja alikuwa Erasto Mtweve, bosi wangu wa miaka kumi na moja. Ana sura ya upole ambayo hata kwenye ndoto haikubadilika. Alikuwa ameshika rula. Akalipima gunia urefu, akalipima upana, akatia mkono ndani, akautoa haraka.

"Subilaga," akasema, "hii hatari ina hatari ndani."

"Ndiyo, Meneja. Ndiyo sababu ameileta."

"Umekaa hapa miaka yote hiyo, unajua utaratibu. Sisi hatupokei hatari inayoweza kutokea. Tunapokea zile ambazo hazitatokea. Hizo tunazibeba kwa moyo mmoja."

"Na za mtu kama huyu?"

"Huyu acha ada yake hapa, gunia urudi nalo."

Akavuta kiti changu cha zamani, kile chenye mto niliokuwa nimeutoa nyumbani, akakipangusa kwa kitambaa.

"Rudi kazini," akasema. "Nakuomba kama kaka yako. Tangu uondoke hakuna anayejua kusikitika. Tumeajiri vijana wawili wenye digrii. Barua zao zinasikitika mpaka mteja anapata matumaini."

Nilikiangalia kile kiti. Nitasema ukweli, nilikitamani. Kilikuwa na mshahara wa tarehe ishirini na tano na bima ya afya ya familia. Miguu yangu ilishakwenda hatua mbili kabla sijaiita irudi.

"Ninahitaji bima kubwa ya Baba Lugano," nikasema.

Meneja akapumua kama baba aliyekatishwa tamaa na mtoto, akafungua droo, akanipa kamba. Mwisho wa kamba alikuwepo mnyama mwenye umbo la ng'ombe, mwili wote karatasi, mnene, anapendeza. "Mpe," akasema. "Mwambie ni kubwa. Lakini mfahamiane kwanza na Kifungu cha Kumi na Saba."

Kutoka kwenye ukwato wa mnyama zikashuka herufi. Zilikuwa ndogo kuliko sisimizi na zilikuja kwa mstari mmoja, zimeshikana, zikapanda mguu wa meza, zikajipanga mbele yangu.

"Tunafahamiana," zikasema kwa sauti nyembamba, zote kwa wakati mmoja. "Barua zako zote zilinitaja. 'Kwa mujibu wa Kifungu cha Kumi na Saba.' Hukuwahi kuniandika kwa urefu, na nilikushukuru kwa hilo. Tangu nizaliwe sijasomwa. Ndiyo maana unaniona nina afya."

"Unasemaje hasa?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Hayo siyo mazungumzo ya kwenye biashara," kikasema Kifungu, kikajikunja, kikarudi chini ya ukwato.

Nikamleta yule mnyama Mwanjelwa. Baba Lugano alikuwa bado amesimama palepale. Akamzunguka, akampapasa shingo, nikaona uso wake umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Akapiga panga mara moja, kipande kikadondoka, kikawa mkataba wa kurasa arobaini. Hivyo ndivyo bima inavyokatwa, sikujua.

"Kuna cha kusoma hapa?" akauliza.

"Weka saini hapa tu," nikasema.

Akaweka saini. Nilipotazama chini nikaona kidole changu cha shahada kimelala juu ya Kifungu cha Kumi na Saba, kimekifunika chote. Sikukiweka mimi. Kilikwenda chenyewe, kwa mazoea.

Leseni ilikuwa inatazama. Ilivua kiatu kimoja, ikakung'uta mchanga, ikakivaa tena.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Meneja, safi, ya asubuhi. "Hongera, Subilaga. Mteja wako wa kwanza amepata ajali Mlima Nyoka. Na sisi tumelipa."

"Mmelipa?"

"Dakika hiyohiyo. Njoo ushuhudie, tupige picha."

Sakafu ya fremu ikainama, kalenda ikateleza, na mimi na leseni tukateleza nayo mpaka chini ya mteremko. Ni mchana, jua kali, lami inang'aa. Juu kabisa naiona Fuso ya kijani. Inashuka. Breki hazishiki, nasikia zinavyolia. Kwenye kona inapinduka, viazi vinamwagika barabara nzima, na kimya kinafuata, kimya kile ambacho nilizoea kukisoma kwenye ripoti za polisi na kukipigia mstari kwa rula.

Meneja akatokea pembeni yangu na muhuri. "Unakumbuka kanuni ya fidia?" akauliza. "Ulikuwa unaisema vizuri kwenye semina."

Niliikumbuka. "Fidia humrudisha mteja kwenye hali aliyokuwa nayo kabla tu ya ajali," nikasema. "Isizidi wala isipungue."

"Kabla tu ya ajali," akasema Meneja, akagonga muhuri hewani.

Viazi vikaruka kutoka barabarani vikarudi kwenye magunia. Fuso ikainuka, ikapanda mlima kinyumenyume. Baba Lugano akawa tena nyuma ya usukani, mzima, kabla tu ya ajali, breki zimeshaachia. Ikaanza kushuka.

Ikapinduka tena. Meneja akagonga muhuri. Ikarudi juu.

"Mara mbili," akasema. "Kampuni gani nyingine inalipa hivi?"

Mara ya tatu nilimwona Baba Lugano uso. Alikuwa anajua. Mara ya kwanza alikuwa ameshtuka, mara ya tatu alikuwa anajua, ameshika usukani kwa mikono miwili, ananitazama mimi, siyo barabara.

Nikamwambia Meneja asimamishe. Akasema hawezi, mteja anastahili, imeandikwa, na akanionyesha mahali ilipoandikwa. Mara ya nne. Mara ya tano. Mpiga picha akaniomba nitabasamu kidogo, na nadhani nilitabasamu.

"Nina swali," ikasema leseni. Ilikuwa imeketi juu ya kiazi. "Siyo la kwenye fomu. Wewe ni wakala wa nani?"

"Wakala huru."

"Nimeuliza wa nani."

Gari linashuka mara ya sita. Nikafungua mkataba ukurasa wa mwisho. Kidole changu kikakimbilia mahali pake, kikalala. Nikakishika kwa mkono mwingine, nikakinyanyua. Kilikuwa kizito kama cha mtu mwingine. Chini yake Kifungu cha Kumi na Saba kikaniangalia.

"Usifanye hivyo," kikasema. "Una watoto."

Nikaanza kusoma kwa sauti.

"'Bila kuathiri yaliyosemwa hapo juu, na bila kupunguza uzito wa yatakayosemwa hapo chini, kampuni haitawajibika kwa hasara yoyote itakayotokea gari likiwa kwenye mwendo, au likiwa limesimama baada ya kuwa kwenye mwendo, au likiwa limesimama kwa matarajio ya kuwa kwenye mwendo...'"

Herufi ya kwanza niliyoitamka ikavimba. Ikatoka kwenye karatasi, ikaanguka kwenye lami, ikawa na ukubwa wa tofali. Ya pili ikaanguka juu yake. Nilivyozidi kusoma ndivyo zilivyozidi kukua, mpaka zikawa kama masanduku ya nyanya, nyeusi, nzito, zinalundikana katikati ya barabara. Kifungu kikawa kinalia kwa sauti ambayo nayo ilikuwa inakua, ikawa nene kama ya mwanaume.

"Unavunja siri ya mkataba," akasema Meneja.

"Mkataba hauna siri. Umeandikwa."

"Umeandikwa ili usisomwe, Subilaga. Ungekuwa wa kusomwa tungeuandika mfupi."

Niliendelea. "'...au likiendeshwa na mwenye gari, au na mtu asiye mwenye gari, penye mteremko, mwinuko, au tambarare inayoelekea kwenye mojawapo ya hivyo...'" Koo lilikuwa linawaka. Sikujua kama kilikuwa kirefu hivi. Miaka kumi na moja nilikitaja kwa namba. Kuna sehemu inahusu wajane, sikuwa nimewahi kufika huko. Niliisoma pia. Nilisoma mpaka nukta.

Fuso ikafika kwenye lundo. Ikazama ndani ya herufi kama inavyozama kwenye mchanga, ikapanda kidogo, ikayumba, ikasimama. Kiazi kimoja kikadondoka, kikabingirika mpaka kwenye viatu vya leseni.

Baba Lugano akafungua mlango, akashuka taratibu. Akazunguka gari, akagusa taa, akagusa bampa. Kisha akaja kusimama mbele ya lile lundo, akalisoma kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza. Sikumharakisha.

"Ndivyo kilivyokuwa kinasema?" akauliza.

"Ndivyo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na wewe ulikuwa unakijua."

"Nilikuwa nakijua."

Nilitegemea anitukane, na ingekuwa afadhali. Meneja alikuwa anaondoka taratibu, kila hatua anapungua, mpaka akatosha kuingia kwenye mfuko wa mpiga picha. Leseni ikavua viatu vyote viwili, ikavipanga kando ya barabara, ikaja ikalala kwenye kiganja changu. Nikaona ile r kifuani kwake imekuwa l.

"Nimefika," ikasema, na haikusema tena kitu kingine.

Baba Lugano akaketi juu ya herufi moja kubwa, akafuta jasho kwa kofia yake. Halafu akanisogezea nafasi.

"Sikusamehe leo," akasema. "Nisomee cha kumi na nane."

Nikaketi. Nikafungua mdomo nisome, sauti haikutoka, nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, kumekucha, baridi ya Mbeya imeingia mpaka kwenye mto. Koo lilikuwa linauma. Nilijaribu kumwita Bupe awashe jiko, nikatoa mkwaruzo tu. Nikajifunga kanga, nikatoka nje kuchota maji, nikiwa nimeamua kabisa kwamba ni fomu ile ya kurasa tisa iliyonilevya.

Ng'ambo ya uzio Baba Lugano alikuwa amepiga goti kando ya gurudumu la mbele la Fuso, ana bisibisi, anachokonoa kwenye mifereji ya tairi.

"Habari za asubuhi, Baba Lugano."

"Nzuri, Mama Bupe. Sauti imefanyaje?"

"Nadhani baridi."

Akatikisa kichwa taratibu, hakuuliza zaidi. Akabinya bisibisi, kitu kidogo kikaruka kikaanguka kwenye nyasi. Akakiokota, akakipangusa kwenye suruali, akakitazama kwa muda, kisha akanipitishia juu ya uzio.

"Nilidhani msumari," akasema.

Kilikuwa cheusi, kigumu, ukubwa wa punje ya harage, kichwa cha mviringo na mkia uliopinda kushoto. Nilikigeuza kiganjani mara mbili. Kilikuwa alama ya mkato.

Baba Lugano alishainama tena kwenye tairi.

"Zimo nyingine mbili," akasema.